Aliyetumwa Kuuona Mji

Mkulima mmoja wa alizeti, huko Kondoa, alikuwa na mke asiyeweza kutoka ndani. Mkulima aliitwa Abasi Mwenda na mkewe Zamda. Zamda aliteleza kisimani akavunjika nyonga, nyonga ikaunga vibaya, na kwa miaka mitatu dunia yake yote ikawa kitanda, dirisha moja na ukuta wa nyumba ya jirani. Nalisema hili mapema ili msije mkaniuliza baadaye mama huyu alikuwa anataka nini. Alikuwa anataka kuona kitu kingine.

Basi binti yao Saumu, aliyeolewa Unguja mjini, akatuma nauli. Aje baba, akae siku tano, apumzike. Nauli ilikuwa ya mtu mmoja tu, kwa kuwa Zamda hangeweza kukalia kiti cha basi hata saa nzima. Abasi alisita kumwacha. Zamda ndiye aliyemsukuma aende. Akamwambia, "Usininunulie kitu, baba Saumu. Nenda ukatazame, ukanuse, ukaonje. Ukirudi ukae hapa unisimulie pole pole, na mimi nitakuwa nimesafiri." Ni hilo tu aliloomba. Sijui mke gani ameomba kidogo kuliko hapo.

Habari ya safari ikatoka nje, na hapa ndipo ninapoanza kuchoka na sisi. Kwetu mtu akitaja safari, majirani wanasikia mizigo. Huyu anataka kanga za huko, balozi wa mtaa anataka kofia ya kushonwa kwa mkono, imamu anataka udi, mwalimu mkuu anataka halua, shemeji naye halua, na aliyekuwa hana la kuagiza akasimama mlangoni akasema akumbukwe na yeye. Abasi hakumkatalia mtu. Akachukua daftari akaandika kila mmoja na lake, ukurasa ukajaa, akafungua mwingine. Ombi la mkewe hakuliandika. Aliona halina haja ya kuandikwa, macho si anayo.

Akakaa mjini siku zile tano. Kila alasiri Saumu alimwambia, twende baba ukapunge upepo, kuna miwa inakamuliwa kwa ndimu na tangawizi, kuna wazee wanacheza bao barazani na kutaniana mpaka watu wanasimama kuwasikiliza. Abasi akajibu kwamba amalize kwanza ya watu. Ya watu hayakwisha. Alipopata kofia alikosa udi, alipopata udi akaambiwa kanga nzuri ziko mtaa mwingine, na akaupita mtaa huo wote, na milango yake ya nakshi, akiwa ameinamia daftari.

Asubuhi moja alifika kwa mpishi wa halua. Sufuria la shaba lilikuwa bado jikoni, na yule mpishi, jasho limemtoka, alikuwa anakoroga kwa mwiko mrefu kama mpini wa jembe. Akamchotea kidogo kwenye kipande cha karatasi, ingali moto, akamkaribisha aonje. Abasi akamwambia amfungie tu, vikapu sita, ana haraka. Mpishi akabaki na karatasi mkononi. Nadhani aliila mwenyewe, na kama aliila, angalau mmoja wao alikuwa na akili.

Karibu na soko alikuwa ameketi mama mmoja na sinia la asumini, kilua na mrehani, anafunga vikuba vya wanawake kujitia harufu nzuri. Akamnyooshea Abasi kimoja anuse. Hapo, tusimnyime haki yake, Abasi alimkumbuka Zamda. Lakini akapiga hesabu ya njia, akaona hadi Kondoa ni siku mbili na maua yatakuwa yamenyauka. Asiyanuse hata hapohapo? Hakuyanusa. Akavuka barabara, akaingia duka la vyombo, akanunua maua ya plastiki, meupe, yenye matone ya gundi yanayojifanya umande. Akatoka amejipongeza. Lakini mtu huyu alikuwa amelima alizeti kwa miaka thelathini, na kila shamba lilipogeuka manjano yeye aliona mafuta. Tulitarajia nini?

Siku ya kurudi, wenzake kwenye boti walipanda juu kuutazama mji ukibaki nyuma. Yeye alikaa chini, jirani na choo, mkono juu ya mabegi, kwa sababu mabegi yalikuwa saba.

Watu wakaja kupokea. Kanga haikuwa ya rangi aliyoitaka mwenyewe, kofia ilimbana balozi, mwalimu mkuu akauliza kama halua ilikuwepo ya lozi. Wakashukuru, wakaenda zao. Chumbani Zamda alikuwa amekaa tayari tangu mchana. Alimwomba jirani amsuke nywele, akavalishwa gauni la sikukuu, mito ikapangwa mgongoni ili aweze kukaa wima. Mwenye safari alikuwa yeye.

Abasi akaingia, akamwekea mapajani maua ya plastiki na kikapu cha halua. Zamda akavisogeza kando, akamwambia aanze na bahari. Abasi akasema bahari ni kubwa.  Zamda akamsaidia, akauliza maji yana rangi gani pale karibu, na kule mbali yana rangi gani. Abasi akasema yeye alikaa chini na mizigo. Akamuuliza mji ukoje jioni. Akajibu kwamba Ijumaa maduka mengi yanafungwa mchana. Akamuuliza asumini ya huko inanukiaje. Abasi akayachukua maua yake, akayageuzageuza, akamweleza kwamba haya hayanyauki.

 Zamda akafungua kikapu, akamega kipande cha halua, akakila taratibu huku akimtazama mumewe.

"Ina iliki nyingi, na kungumanga," akasema. "Nilituma macho na pua na ulimi, vimerudi mizigo. Sasa mimi niliyelala kitandani ndiye nikusimulie wewe uliyesafiri?"

Abasi alilia. Akaahidi kwamba safari ijayo atatazama kila kitu, hataandika jina la mtu. Safari ijayo haikuwepo. Zamda alifariki mwaka ule, alizeti zikiwa bado shambani, na hakuna aliyekuwa amemwambia maji ya bahari yana rangi gani. Hilo linaniuma kila ninapolisimulia, na nimelisimulia mara nyingi, na bado naona halijawaingia watu.

Najua mtakaloniambia. Mtasema Abasi alikuwa mtu mwema, hakula cha mtu, aliwaridhisha jirani na imamu. Nakubali, na ndiyo maana naudhika. Angekuwa mtu mbaya ningemwacha na ubaya wake. Huyu alikuwa mwema kama ninyi, na kama mimi, na aliamini kwamba kufurahi ni kazi ya siku ambayo kazi nyingine zote zimekwisha. Mnatoka majumbani asubuhi, mnapita chini ya mkrismasi umejaa maua hadi barabara imekuwa nyekundu, na hakuna anayeinua uso. Visheti vinatolewa kwenye mafuta pale kona, mnasema hivyo ni vya watoto. Mtu anasafiri mkoa mzima kwenda kuzika au kuozesha, anarudi hajui alipita mito mingapi. Kisha mnakuja kukaa mbele yangu, mmekunja nyuso, mnaniambia dunia ni chungu. Mmeionja lini?

Mwenyezi Mungu hakukosea alipoipa asumini harufu, wala hakuwa anapoteza muda. Hakutuomba mizigo, maana vyote ni vyake. Alitupa macho na pua na ulimi akatutuma, na kurudi tutarudi, kila mtu kwa siku yake. Siku hiyo atakapotuketisha atuulize dunia yake ilikuwa na ladha gani, nani kati yetu atakuwa na la kumjibu?