Jina la Mtoto wa Chande

Tegeni masikio, wakubwa kwa wadogo. Leo sikuja kuwafundisha kitu. Nimekuja na fundo lililonishinda mimi mwenyewe.

Palikuwa na matabibu watatu, ndugu wa kike wa tumbo moja. Raya alijua kuamsha kilicholala. Mishi alijua kumbembeleza mwenye kazi akaiweka chini. Kibibi, kitinda mimba, akisema "basi," chochote kinasimama.

Jirani yao Chande, mwashi, akaugua moyo. Kipande kizima kilikufa, kikabaki kovu. Ukijikata mkono, chembe za ngozi huzaana zikaziba jeraha. Za moyo haziwezi. Zimeacha kuzaana tangu utotoni, maana kudunda hakuzipi nafasi. Na mkewe, Mwanasiti, alikuwa na mimba yao ya kwanza baada ya miaka kumi na tisa ya ndoa! Chande akaapa mbele ya watu, "Atakayeniponya, mwanangu ataitwa kwa jina lake."

Raya akainama kifuani pake, akazikumbusha chembe utoto wao. Zikaamka, zikavimba, kila moja ikapata viini viwili badala ya kimoja. Zikakwama hapo hapo, hazikugawanyika.

Mishi akamwambia dada yake, "Nani anajifungua huku anatwanga?" Akazibembeleza, chache chache, zilegeze nyuzi zao za kudundia. Zikagawanyika kweli, kovu likaanza kujaa nyama mpya. Lakini chembe changa hazikutaka kazi, zilitaka kuzaana tu. Moyo ukapiga ovyo, Chande akazirai mara tatu, Mwanasiti akapiga mayowe mpaka majirani wakajaa.

Kibibi akasema, "Basi. Rudini kazini." Zikaacha kuzaana, zikadunda pamoja. Chande akainuka, akaomba uji.

Mwanasiti akajifungua binti. Siku ya saba mbuzi wa akika kafungwa, kinyozi kashika wembe, sheikh anauliza, "Jina?"

"Bila mimi zingelala mpaka leo," akasema Raya.

"Ziliamka zikakaa bure, dada," akajibu Mishi.

"Nyinyi mlikuwa mnamuua," Kibibi akadakia.

"Umesema maneno matatu tu, ndiyo utake mtoto mzima?" Raya akamfokea.

"Basi apewe majina yote," Mwanasiti akasihi.

Sheikh akatikisa kichwa. "Mumeo aliapa jina moja, mwanangu."

Mimi hapa nimechanganyikiwa. Nikisema Raya, namwona Chande na chembe zilizovimba bure. Nikisema Mishi, namwona Chande kazirai. Nikisema Kibibi, najiuliza, kilicholala ukikiambia "basi," umekifanya nini? Naanza upya, narudi pale pale.

Chande kampakata binti yake, machozi yanamtoka. Amewatazama wote watatu, kila mmoja kampa uhai, na kila mmoja peke yake asingeweza. Kinyozi bado kashika wembe, sheikh anangoja jina.

Je, wewe ungeamua vipi?