Jukwaa la Fisi na Nyuzi za Nyumbani

Sikio halina pazia, basi hadithi na iingie. Palikuwa na Bonde la Ngurudo, na mwaka mmoja mvua ililiruka bonde hilo kama mtu arukavyo dimbwi. Mto ukawa mchanga, mchanga ukawa vumbi, vumbi likawa chafya. Kikabaki kisima kimoja tu chenye maji, na aliyekichimba ni Muhanga.

Muhanga alikuwa na pua ndefu na maneno mafupi. Alikichimba kisima kile kwa kucha zake mwenyewe, akakiita Tulizo. Kila asubuhi alikwenda kukinusa kabla hajamsalimu mkewe, na mkewe alikwisha zoea.

Wachimbaji wa bonde lile na wa mabonde jirani walikuwa na desturi yao. Mwenye swali alilichora kwa mwiba kwenye kipande cha gome. Chiriku walikuja, wakalinakili, wakapeleka nakala mlangoni kwa kila mchimbaji. Huko nyumbani kila mmoja alikuwa na nyuzi zake, zilizosokotwa kwa kano za mabaki ya mawindo ya Simba. Swali lilitungwa juu, jibu chini ya swali, na jibu la jibu chini ya jibu. Ukitaka kujua nani alimjibu nani, ulifuata uzi kwa kidole. Ulisoma umelala, ulisoma unakula mchwa, ulisoma hata chiriku wasipopita wiki nzima.

Na mwenye porojo alikuwa na dawa yake. Ulifunga fundo la kimya mlangoni kwa jina lake, na chiriku hawakukuletea tena magome yake. Fisi alikuwa amefungiwa fundo karibu kila nyumba. Wenzake wakiuliza kina cha maji, yeye alijibu: "Na nyama je?"

Mafundo hayo yalimkera. Akaenda kwa Simba, akainama hadi kidevu kikagusa vumbi.

"Mtukufu, hivi kweli mfalme mzima afuate uzi kwa kidole kama fundi cherehani?"

Simba akaacha kutafuna. "Nifanyeje?"

"Nimekujengea Jukwaa. Nimechukua jabali zima, nikalipaka chokaa. Wote watakuja kusoma mahali pamoja. Na juu kabisa nimechora sura yako."

"Inatabasamu?"

"Inanguruma, Mtukufu."

"Na manyoya?"

"Nimeyaongeza."

Siku ileile ilitoka amri: kila mchimbaji apeleke nyuzi zake kwa Fisi, zinakiliwe jabalini. Muhanga hakupenda, lakini hakutaka kuitwa mshamba. Alizibeba nyuzi zake mafungu matatu, akazikabidhi.

Jukwaa lilipendeza, hilo halina ubishi. Lilikuwa jeupe, na pembeni lilipambwa kwa maua mekundu. Lakini kila neno jipya liliandikwa juu, na ya zamani yakasukumwa chini hadi yakaingia majanini. Swali lilikaa huku, jibu likakaa kule, kama mke na mume waliogombana. Na kabla hujasoma chochote, ilikubidi usimame umsikilize Fisi akiimba sifa za supu yake ya kwato, beti tatu, bila kuruka hata mmoja. Nyuzi je? Kano ni kano, na Fisi ni Fisi. Alizitafuna zote nyuma ya jabali, na magome akayachochea motoni chini ya supu.

Nyuzi za Sungura tu ndizo hazikufika.

"Ziko wapi nyuzi zako, Bwana Masikio?" akauliza Fisi.

"Nimezianikia nguo, Mjomba. Zikikauka nitazileta."

"Nguo gani? Wewe huvai nguo!"

"Nitavaaje, Mjomba, na zote zimeanikwa?"

Fisi akajikuna kichwa. Hata alipomaliza kujikuna, Sungura alikwisha potea.

Asubuhi moja Muhanga alikwenda kukinusa kisima chake, akasikia sauti kama nyoka. Ukuta ulikuwa umepasuka, na maji yalikuwa yakinyonywa na mchanga, ssss, ssss. Moyo wake ukashuka hadi kwenye kucha. Alikumbuka kwamba marehemu Bibi Nungunungu, bingwa wa visima, aliwahi kumjibu mtu kuhusu ufa kama ule. Alilikumbuka gome, lakini maneno yake alikuwa ameyasahau. Akakimbia jabalini, akasikiliza beti tatu za supu, ndipo akasoma:

KISIMA KIKIPASUKA, KIHAMENI SIKU SABA. ATAKAYEKUNYWA ATAKUFA. — BIBI NUNGUNUNGU.

"Kihameni!" Muhanga akalia. "Tuhamie wapi, na bonde zima ni kavu? Wanangu hawatamaliza siku saba!"

Akaenda kwa Sungura, akamkuta amelala chini ya nyuzi zake. Sungura akainuka, akafuata uzi kwa kidole, akashuka, akashuka, akasimama.

"Soma mwenyewe, Mzee Muhanga."

Muhanga akasoma: "Kisima kikipasuka, kihamini siku saba. Kila asubuhi kizibeni kwa udongo wa kichuguu uliokandwa na utomvu wa mkuyu, hadi ufa ukauke."

"Kihamini, yaani kilindeni," akasema Sungura. "Bibi aliandika i. Kule kumeandikwa e."

"Herufi moja tu!"

"Herufi moja, mzee, na bonde zima linahama. Na maneno ya kifo yameongezwa tu."

Walikwenda kwa Simba na gome lao. Fisi alikuwapo, akacheka hadi mate yakamtoka. "Mtukufu, gome hili Bwana Masikio amelichora jana! Sisi tulete jabali, yeye alete kijiti?"

Simba akalitazama gome, akalitazama jabali. "Jiwe ni kubwa kuliko gome," akasema. "Tena gome halina sura yangu. Hameni!"

"Tumesikia, Mtukufu," akajibu Sungura.

Muhanga akamshika sikio. "Ndugu yangu, unakubali? Baada ya siku saba Tulizo kitakuwa shimo la mchanga!"

"Tunahama hadi mlimani tu," Sungura akamnong'oneza. "Ng'ambo ya mlima Fisi hana Jukwaa. Na chiriku wana mbawa."

Wakapanda wote, Simba mbele, Muhanga nyuma akigeuka kila hatua. Fisi alibaki. Alisema atajitolea kulinda jabali. Kumbe hesabu yake ilikuwa nyepesi: maji ayanywe peke yake, na wenye kufa kwa kiu awale.

Jua lilipofika utosini, chiriku waliotumwa na Sungura walirudi kutoka mabonde ya ng'ambo. Walileta magome kumi na moja yenye jibu la Bibi Nungunungu, kutoka kwa wachimbaji kumi na mmoja, na wengi wao hawakuwahi kuonana. Muhanga akayasoma kwa sauti, moja baada ya jingine.

"Kihamini. Kihamini. Kihamini..."

Alipofika la saba, mkia wa Simba ukasimama wima. "Basi! Mfalme haambiwi neno mara kumi na moja!"

"Mara moja hukutosheka, Mtukufu," akasema Sungura, akaruka upande mapema.

Wakateremka mbio. Pale kisimani waliona mkia, na chini ya mkia waliona makalio ya Fisi. Alikuwa ameinama ndani, amekunywa hadi tumbo likavimba, amekwama kama kizibo kwenye chupa.

Sungura akapiga kelele za huruma. "Mjomba Fisi! Toka upesi! Kwani wewe husomi Jukwaa? Atakayekunywa atakufa!"

Sauti ikatoka shimoni, nzito na yenye mwangwi: "Nyamaza, mjinga wewe! Hayo nimewaandikia nyinyi!"

Kisha chiriku mmoja akacheka, na bonde zima likamfuata, hata Simba, ingawa alijidai anakohoa.

Walimvuta kwa mkia, akatoka, po! Simba akampa kazi ya siku saba: kubeba udongo wa kichuguu mgongoni na kuukanda kwa miguu yake, huku akiimba beti tatu za sifa za udongo. Muhanga alikihami kisima chake kila asubuhi, akaziba, akalainisha, akanusa. Siku ya saba ufa ulikauka na maji yakapanda, na watoto wake wakanywa hadi wakashindwa kutembea.

Nyuzi mpya zikasokotwa, na magome yakanakiliwa kutoka kwa Sungura na kwa majirani wa ng'ambo. Jabali hawakulivunja. Siku hizi hutangazwa pale harusi na ngoma, na mijusi huota jua kwenye pua ya Simba. Lakini kila linaloandikwa pale, chiriku hulipeleka kwanza nyumbani kwa kila mmoja.

Na Muhanga, alipotundika uzi wake wa kwanza mlangoni, alifunga fundo la kimya kwa jina la Fisi. Akalitazama, akafunga la pili juu yake. Usiache mbachao kwa msala upitao.