Taya Lisilo na Kiraka

Hadithi hii mfikishie yeyote anayependa jina lake lionekane juu ya kila jema alilotenda.

Katika chuo kimoja cha utabibu, watafiti wawili walipewa kazi ya kutengeneza kitu cha kuziba pengo la mfupa. Dk. Gervas Ngonyani alichoma mifupa ya ng'ombe katika tanuri hadi ikawa migumu na myeupe kama kigae. Dk. Nasra Makame alisaga maganda ya mayai, akayapika pamoja na dawa, akapata vipande vyepesi vyenye vitundu kama sifongo.

Mkuu wao, Profesa Philibert Kazaura, alitoboa taya la mbuzi mmoja akaliziba kwa kazi ya Gervas. Akatoboa la mbuzi wa pili akaliziba kwa kazi ya Nasra. Miezi ikapita.

Wakati huo Bi. Salome Mdoe alikuwa wodini akisubiri. Uvimbe ulikuwa umemharibia taya la chini, likakatwa kipande, na lililobaki lilishikiliwa na bamba la chuma. Alikunywa uji kwa mrija. Madaktari walimweleza bila kuficha: mahali pale pangevumilia upasuaji mmoja tu zaidi. Kitakachowekwa kikikataliwa na mwili, hatatafuna tena maisha yake yote.

Siku ya uamuzi mbuzi wakachinjwa, mataya yakasafishwa na kuwekwa mezani. Bi. Salome aliomba awepo. Akapewa kiti.

Katika taya la kwanza kipande cha Gervas kiling'aa mahali pake, bila ufa.

"Kama nilivyokitengeneza," alisema Gervas.

Profesa akaligeuza taya la pili, akaligeuza tena. Hapakuwa na kipande. Hapakuwa na tundu. Hapakuwa na alama yoyote.

"Dada Nasra," alisema Gervas, "mbuzi kakumalizia mayai yako?"

Watu wakacheka. Nasra alilipapasa lile taya kwa kidole, polepole, mwanzo hadi mwisho.

"Sikioni, Profesa. Kimepotea."

"Hakijapotea," alisema Gervas, na sasa hakuwa akitania. "Taya hili halijawahi kutobolewa. Amebadilisha mbuzi."

Chuoni pale hapakuwa na kosa kubwa kuliko hilo. Aliyepatikana nalo alifukuzwa siku hiyo hiyo, na kazi yake ikatupwa.

"Umebadilisha, Nasra?" aliuliza Profesa.

"Sijabadilisha. Lakini sina cha kukuonyesha, Profesa."

Profesa akachukua lenzi. Siku ya kutoboa, yeye mwenyewe alikuwa amezamisha pini mbili za chuma kwenye kingo za kila tundu, ndogo kama ncha ya sindano, kama afanyavyo siku zote. Akainama.

"Pini zangu zipo," alisema. "Ni mbuzi yule yule."

Akachukua msumeno, akakata katikati ya zile pini. Ndani mlikuwa na mfupa mzima, wenye uboho mwekundu. Haukuwa unga wa maganda. Ulikuwa mfupa wa mbuzi mwenyewe, uliokua mahali pa kile kipande kilichoyeyuka.

"Sote tulikuwa tunatafuta kiraka," alisema Profesa kwa sauti ya chini. "Hakuna aliyetafuta mfupa."

Nasra akaichukua lenzi, akautazama mfupa mwenyewe.

Ndipo Profesa akakisukuma kipande cha Gervas kwa kidole gumba, bila kutumia nguvu. Kikachomoka, kikagonga meza kwa mlio kama wa kikombe. Nyuma yake tundu lilikuwa pale pale, limetandwa na utando laini wa nyama. Kwa miezi yote ile mfupa haukuwa umekishika hata kidogo.

Gervas alikitazama.

"Cha huyu mama nimeshakichoma," alisema. "Kesho asubuhi tungemwekea."

Profesa akamwendea Bi. Salome.

"Mama, umeona mwenyewe. Tukuwekee kipi?"

Bi. Salome alijishika shavu. Maneno yalimtoka kwa shida.

"Hicho kisichoonekana."

Funzo: Msaada wa kweli humjenga aliyesaidiwa mpaka asimame kwa nguvu zake, kisha hutoweka; ule unaobaki uking'aa ili usifiwe huenda haujashikana naye kabisa.