Mjane wa Nyuma ya Kilima na Vitumbua vya Bi Kiboko

Sogeeni karibu, wajukuu, na wewe wa mwisho rudisha huo mlango. Kabla sijafungua mdomo, apeni kwamba haya hayatoki hapa. Semeni, "Wallahi!" Haya. Aliyenihadithia mimi aliniapisha hivyo hivyo, nikamwambia siri yake imeingia kaburini. Nikakaa nayo asubuhi nzima mpaka adhuhuri, ikanikaba koo. Basi sikilizeni.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakipika na kufagia uwanja kama sisi, palikuwa na kisiwa cha mbali kilichosahauliwa hata na mashua. Nyumba zilikuwa nne tu: ya Bi Kiboko, ya Bwana Nyati, ya Mzee Tembo, na kibanda cha Nguchiro, mdogo, mwembamba, mwenye miguu isiyotulia.

Bi Kiboko alianza biashara ya vitumbua. Bwana Nyati kuona moshi, naye akaanza vitumbua. Mzee Tembo akasema, "Kumbe vitumbua vinalipa!" Naye akainjika kikaango. Wote watatu wakapanga meza njia panda moja, wakitazamana. Chwaaa! Mafuta yanalia kila asubuhi.

"Bwana Nyati, habari za biashara?"

"Nzuri sana, Bi Kiboko. Imebaki wateja tu."

Jioni kila mmoja alikula vitumbua vyake mwenyewe, vimeshapoa.

Lakini Bi Kiboko hakuwa akipika kwa mchezo. Makuti ya paa lake yalikuwa yameoza, masika yanakaribia, na tundu kubwa kuliko yote lilikuwa juu ya kitanda chake. Asipopata mabati atalala majini. Ndiyo, najua kiboko hukaa majini. Huyu alikuwa na kitanda na foronya zake.

Siku moja Nguchiro akaja mbio, pu pu pu, anahema.

"Mama! Mama! Kuna mgeni kwenye pango la nyuma ya kilima! Mjane tajiri wa ng'ambo. Anakaa eda, hatoki nje wala haonekani na wanaume. Mimi huniagiza kupitia mlangoni."

"Maskini! Anakula nini?"

"Ndilo hilo! Hana hamu ya chakula. Nimemwonjesha kile kitumbua ulichonipa jana. Mama, alilia!"

"Kwa ubaya?"

"Kwa utamu! Marehemu mumewe kamwachia mabati, bando zima. Eda ikiisha atampa yule atakayemrudishia hamu ya kula."

Bi Kiboko akajishika shavu. Kusema kweli, hakuuliza swali lolote la maana. Aliuliza moja tu: "Alisema kitamu kuliko vya Nyati?"

"Vya Nyati aliwatupia kunguru."

Ee! Tangu siku hiyo, kila asubuhi Nguchiro alichukua kikapu cha vitumbua ishirini, vimefunikwa jani la mgomba, akarudi na sifa. "Leo kasema mkono wako una baraka." "Leo kalamba jani la mgomba." Bi Kiboko akaanza kutembea kwa maringo mpaka ardhi ikalalamika.

"Lakini Nguchiro, mbona unanenepa?"

"Huzuni, Mama. Namhurumia mjane. Wengine huzuni huwakondesha, mimi hunivimbisha."

"Pole, mwanangu," akasema Bi Kiboko, akamwongezea kimoja cha njiani.

Wiki tatu zikapita. Mchele ukabaki kibaba cha mwisho. Asubuhi ile Bi Kiboko akamwambia Nguchiro atangulie kwa mjane, arudi baadaye kuchukua kikapu, kwani unga haujaumuka. Alipokuwa akikoroga, mwiko ukasimama.

"Yallah! Mfiwa yuko hapo nyuma ya kilima, na mimi, mwanamke pekee kisiwani, sijaenda kutoa pole! Nimempelekea vitumbua, sijampelekea hata chozi! Atasema nini kwao?"

Akakaanga harakaharaka, akajifunga kanga, akabeba kikapu mwenyewe, huyoo! Pale njia panda Nyati na Tembo wakasikia, nao wakaona aibu.

"Tunakusindikiza," akasema Mzee Tembo. "Sisi wanaume tutasimama mlangoni, tutoe pole kwa sauti."

Wakafika kwenye pango. "Hodi!"

Ndani, kukuru kakara! Kisha sauti nyembamba: "Ka... karibu, mwanangu. Weka kikapu hapo hapo. Usiingie!"

"Sauti imemkauka kwa kulia, maskini," akawaza Bi Kiboko, akaingia. Pembeni ameketi mjane mdogo, amejifunika shuka jeupe gubigubi.

"Pole mwenzangu weee!" Akamkumbatia kwa nguvu zote za kiboko.

Pwaa! Kitumbua kizima kikachomoka shukani, kikampiga Mzee Tembo kwenye mkonga pale mlangoni. Shuka likaanguka. Nguchiro! Mafuta mpaka masikioni, kitumbua kingine mkononi, na vikapu viwili vitupu miguuni.

"Kikapu changu hicho!" akanguruma Nyati. "Si uliniambia anakula vyangu tu?"

"Na mimi uliniambia vya Nyati vinanuka moshi!" akasema Tembo.

"Mjane yuko wapi?" akauliza Bi Kiboko, machozi ya msiba bado yanamtiririka. "Mabati yako wapi?"

Nguchiro akatazama mlango. Tembo ameuziba wote. Akameza, gluk.

"Jamani, nisameheni. Lakini kwa haki ya Mungu, vya Bi Kiboko ndivyo vitamu kuliko vyote."

"Kweli?" akauliza Bi Kiboko, tabasamu hadi magegoni.

Wote wakamgeukia. Akajiziba mdomo kwa kanga, lakini neno lilikuwa limeshatoka. Nyati akaanza kucheka, Tembo akafuata, na Bi Kiboko mwenyewe akacheka mpaka pango likatikisika, huku kamshika Nguchiro mkia.

"Kucheka nacheka," akasema, "lakini makuti ya paa langu utayasuka wewe, mpaka tumbo hilo liishe."

Basi wajukuu, funzo ni hili: ukisikia chakula chako kinasifiwa kila siku na mlaji humwoni, mtazame tumbo anayekuletea sifa.