Mguu wa Liwali Sefu

Hapo zamani, watu walipokuwa bado wakioneana haya, palikuwa na Liwali jina lake Sefu bin Hemedi, mkali kwa kila mtu isipokuwa mkewe. Ikawa siku moja mgeni wake Mwingereza akamwambia, tena kwa uso mkavu, kwamba kwao kuku hutaga mara mbili kwa siku kwa ajili ya baridi. Liwali akaagiza kuku ishirini wa huko. Mgeni akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema usemi wa kwao, na mkalimani Haji Vuai akaufasiri neno kwa neno:

"Bwana, asema alikuwa akikuvuta mguu."

"Mguu upi? Nani kaugusa?"

Basi mkalimani akatiwa mkatale, miguu ikabanwa kwenye gogo, kwa kumzulia mgeni maneno.

Huyo Haji alikuwa shemeji yake Machano, fukara wa kanzu moja na ulimi wa watu saba. Machano akaenda barazani, akasema, "Bwana, shemeji yangu kasema kweli. Mguu huvutwa pasipo kuguswa."

"Vema. Nivute wangu kabla ya kesho adhuhuri. Ukinigusa, au ukishindwa, nyote wawili mtauhama mji huu."

Asubuhi Machano akapita sokoni kutega sikio. Akasikia Liwali kagombana na mkewe, Bi Zuhra, kisa pweza mgumu. Na habari hiyo ilifika sokoni kabla ya samaki. Basi akaingia barazani mbio.

"Bwana! Bibi yuko mlangoni na masanduku yake, arudi kwao!"

Liwali akaruka, kiatu kimoja mguuni, akakata mitaa, baraza zima nyuma yake. Akamkuta Bi Zuhra jikoni na ungo wake, apepeta mchele.

"Mke wangu, usiende!"

"Niende wapi, nawe hujala?"

Machano akatokea akihema. "Bwana, nimekuvuta miguu yote miwili toka barazani hadi jikoni. Nimekugusa?"

"Hukunigusa."

"Basi ndivyo alivyokufanyia mgeni kwa hao kuku. Ni utani wa kwao: mtu hukudanganya kwa mchezo, ukiamini akacheka."

Bi Zuhra akaangua kicheko, kisha Liwali naye, hadi kilemba kikafunguka. Akamnong'oneza askari wake jambo, akaamuru watu waandaliwe chakula. Walipokwisha kula akasema, "Machano, toka nje. Nimekufungia punda mweupe, zawadi yako."

Machano akatoka mbio, akaangaza huku na huku. Hapana punda, wala mavi ya punda. Palikuwa na Haji Vuai tu, kafunguliwa, ajisugua vifundo vya miguu. Na Liwali dirishani, akipiga kelele mtaa mzima usikie:

"Machano! Mguu hauumi?"