Jiwe Lililomtoka Diwani

Hapo zamani, na msidhani ni zamani ya majitu na mazimwi, ni zamani ya majuzi tu, ya watu wenye simu za tochi mfukoni, alikuwapo bibi mmoja huko juu Njombe, kwenye baridi ya kuuma masikio. Jina lake Bibi Oresta. Bibi Oresta alikuwa na jiko la kuni, na ndani ya jiko uchaga wa kuni, na chini ya uchaga simbilisi mmoja.

Mmoja tu. Majirani zake walikuwa na kumi, wengine ishirini, wakikimbiakimbia sakafuni kama panya walionenepa wakasahau mikia mahali. Yeye alikuwa na mmoja, jike, jina lake Diwani. Aliitwa Diwani kwa sababu ya kitambi, na kwa sababu kila aliposikia kisu kikikata majani alipaza sauti kijiji kizima kikajua: wiii! wiii! wiii!

Diwani alikuwa wa mwisho wa ukoo wake. Mbegu ya ukoo huo Bibi Oresta alipewa na mama yake siku ya kuolewa, dume na jike ndani ya kikapu, miaka hamsini na sita iliyopita. Ulikuwa ukoo mzuri, wenye manyoya ya kahawia na kipaji cheupe, ila ulikuwa na balaa moja: mawe. Nyanya yake Diwani alikufa kwa jiwe la kibofu. Mama yake Diwani alikufa kwa jiwe la kibofu. Na dalili ilikuwa ile ile: mnyama anainama kukojoa, halafu analia.

Basi asubuhi moja Diwani aliinama, akalia.

Aliyemsikia ni Blandina, mjukuu wa Bibi Oresta. Blandina alikuwa fundi cherehani, na mtu asiyeweza kukata kitambaa kabla hajapima mara tatu, kisha akaamka usiku kufikiri kama ile mara ya tatu alipima sawa. Mama yake alifariki angali mdogo, na alilelewa katika jiko lile lile, miguu yake ikinuswa na akina Diwani. Sasa alikuwa na mchumba. Baada ya mavuno angeolewa, na jiko lake jipya lilikuwa tayari, limeezekwa, limesiribwa, mafiga yamekaa. Hakuwa ameomba kochi wala kabati la vyombo. Alikuwa anataka kitu kimoja sakafuni pale, na kitu hicho ni Diwani. Simbilisi wa sokoni hakumtaka. Alimtaka wa kwao.

Siku ile ile Bibi Oresta alikuwa anasafiri kwenda kutolewa mtoto wa jicho, wiki tatu hospitalini. Tayari alikuwa amejifunga mtandio kichwani. Aliita watu wake.

"Mke mwenzangu," alimwambia Blandina, "amelia?"

"Amelia, Bibi."

"Kama mama yake alivyolia?"

"Vile vile."

Bibi Oresta akasema, "Nimezeeka. Nikirudi nikamkuta Diwani hai, hana jiwe, nitampa aliyemponya. Awe wake moja kwa moja. Na ni mtu mmoja. Huyu si boga, hakatwi vipande."

"Anakatika vizuri tu, Bibi," alisema Erasto. "Vipande vinne, na chumvi kidogo."

Huyu Erasto alikuwa mtoto wa mjomba wake Blandina, mwanamume wa miaka thelathini na mbili, mwenye nguvu za ng'ombe wa kulimia na hamu ya kazi kama ya paka.

"Funga mdomo, mume wangu," alisema Bibi. "Utamlisha jioni. Blandina atamlisha asubuhi."

Mlangoni alikuwa amesimama jirani, Bi Somoe, mke wa mwalimu, mtu wa Lindi, kajifunika kanga mbili juu ya sweta. Alikuja kuaga mgonjwa. "Na mimi nitapita kuchungulia, bibi yangu," alisema. "Japo mnyama mwenyewe kumfuga sijui. Hulelewa kama sungura?"

Watu walicheka. Bi Somoe naye akacheka, lakini si sana.

Bibi akaenda.

Sasa sikilizeni kila mmoja alifanya nini.

Blandina alisema moyoni: mgonjwa hulishwa kilicho bora. Na kilicho bora alikijua. Kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, vilima viwili kutoka nyumbani, kulikuwa na lusini, yale majani laini yenye maua ya zambarau ambayo ng'ombe akila maziwa yanafurika. Alikuwa akimletea Diwani lusini tangu mwezi uliopita, kidogo kidogo. Sasa akaongeza. Kila asubuhi kabla ya jua alipanda kilima, akashuka kilima, akapanda cha pili. Kila asubuhi aliikung'uta umande, akachambua majani ya njano, akasawazisha ncha kwa mkasi wa kitambaa. Diwani alipiga wiii! wiii! akala yote. Blandina akafurahi. Diwani akainama, akalia.

Erasto aliambiwa alete lusini jioni. Akasema, "Sawa, dada." Lakini vilima viwili ni vilima viwili. Erasto alikata nyasi za kawaida nyuma ya choo cha nyumba yake, akakata za wiki nzima kwa siku moja ili asiamke tena, akazirundika juani zikakauka. Kila jioni alibeba kicha cha nyasi kavu, na juu yake, kwa heshima, akaweka kijitawi kimoja cha lusini alichookota kwenye mabaki ya Blandina.

"Kaka Erasto, mbona imenyauka hivi?" aliuliza Blandina.

"Jua, dada. Jua la siku hizi."

Na Bi Somoe? Bi Somoe alichungulia, akashangaa. Akachukua kopo la siagi, akalijaza maji, akaliweka chini ya uchaga.

Blandina alilikuta. "Bi Somoe, ni wewe?"

"Ni mimi, mwanangu. Kiumbe kinakula majani makavu siku nzima, kisinywe?"

"Simbilisi hanywi maji, Bi Somoe. Maji yake yamo kwenye majani. Kijiji hiki chote hakuna anayempa simbilisi maji. Akilowa tumbo anapata homa ya mapafu."

"Nani kasema?"

"Watu wote."

"Basi watu wote wamewahi kumuuliza?"

Blandina akamwaga maji. Kesho yake kopo limejaa. Akamwaga. Kesho yake kopo limejaa. Blandina mwaga, Bi Somoe jaza. Mwaga, jaza. Na katikati ya kumwaga na kujaza, Diwani alikuwa anakunywa.

Siku ya kumi Blandina alikuta tone la damu kwenye majivu. Tone moja, dogo kama kichwa cha pini. Mwingine asingeliona. Yeye aliinama akaligusa, akalinusa. Hakumaliza gauni la watu lililokuwa kwenye cherehani. Alimtia Diwani kikapuni, akamfunika kanga, akatembea saa mbili na nusu hadi kwa bwana mifugo, anaitwa Mtewele.

"Kamwene, bwana mifugo."

"Kamwene. Umeniletea mboga?"

"Nimekuletea mgonjwa."

Waliokuwa na ng'ombe wao pale uani walicheka mpaka wakashikana mabega. Mtewele hakucheka. Alimgeuza Diwani taratibu, akaminya tumbo kwa vidole viwili, akasimamisha vidole.

"Lipo. Anakula nini?"

"Lusini," alisema Blandina kwa fahari. "Kila asubuhi, nimeichambua mwenyewe."

"Na nini?"

"Mchicha, akichoka lusini."

Mtewele alimtazama kwa huruma. "Dada, lusini imejaa madini ya chokaa. Ng'ombe wa maziwa anayahitaji, yanatoka na maziwa. Simbilisi aliyekomaa kama huyu hayahitaji. Mwili wake unayatupa kwenye mkojo, na mkojo ukiwa mzito yanagandana. Wengine wanavumilia, ukoo wenu hauvumilii. Ni kama umembebea jiwe lenyewe, punje kwa punje."

Blandina akamchukua Diwani, akampakata.

"Sikiliza," alisema Mtewele. "Nitampa dawa ya kibofu. Lusini acha. Mchicha acha. Mpe nyasi za kawaida zilizokauka, nyingi, zisikatike mbele yake. Kipande cha pilipili hoho kila siku, maana vitamini ya kumlinda na kiseyeye mwili wake hauitengenezi. Na maji, mchana na usiku."

"Maji?"

"Maji. Jiwe halitayeyuka kwa chakula, usidanganywe na mtu. Likiwa dogo, mkojo mwingi utalisukuma, kwa jike inawezekana. Likiwa kubwa ni kisu, na kisu cha simbilisi mimi sina."

Blandina alirudi akilia njia nzima, akimwomba radhi mnyama ndani ya kikapu. Tangu siku ile aliosha kopo kwa maji ya moto mara mbili kwa siku. Alikata hoho vipande vya upana wa kidole. Alikaa chini akihesabu Diwani anainama mara ngapi.

Ila siku moja, na hili lisikieni vizuri, Diwani alimtazama akapiga wiii, ile wiii ndogo ya kubembeleza. Siku ya pili akapiga. Siku ya tatu Blandina hakuweza. Alikwenda vilima viwili akarudi na konzi moja ya lusini, akamlisha kwa mkono, jani kwa jani, mlango umefungwa. Hakuna aliyeona.

Siku ya kumi na saba Diwani aliinama, akalia kilio kirefu, akanyamaza. Kisha akaondoka mahali pale, akaenda kula. Kwenye majivu palibaki kitu cheupe, chenye miiba midogo, ukubwa wa punje ya mtama. Blandina alikitia ndani ya kibiriti kitupu.

Bibi Oresta alirudi amevaa miwani myeusi. Bwana mifugo naye alipanda na pikipiki kuja kumwona mgonjwa wake, kwa kuwa hajawahi kuponya simbilisi maishani. Wote wakakaa jikoni. Bibi akaweka kibiriti pajani, na Diwani pajani.

"Haya. Semeni."

Blandina akasema, "Bibi, Diwani ni wangu. Nimemsikia nikiwa wa kwanza. Nimeona damu ambayo mwingine asingeiona. Nimembeba, nikachekwa. Dawa nimeileta mimi."

Bi Somoe akasema, "Diwani ni wangu. Kopo lilimwagwa, nikajaza. Lilimwagwa, nikajaza. Mlisema sijui mnyama huyu. Kweli sikumjua. Ndiyo maana nikampa maji."

Erasto akajinyoosha, akasema, "Diwani ni wangu. Bwana mifugo kaagiza nyasi kavu? Mimi nilizileta siku kumi kabla hajaagiza."

"Kwa uvivu!" alifoka Blandina. "Ulinidanganya kwa vijitawi!"

"Nilikudanganya wewe. Diwani sikumdanganya, alikuwa anaona anachokula."

Bibi akamgeukia bwana mifugo. "Wewe uliyesoma, unasemaje?"

Mtewele akafungua kibiriti, akatazama. "Mama, angekula lusini asubuhi na jioni, bila maji, jiwe hili lingekuwa kama harage, na Diwani angekuwa kaburini. Nyasi za huyu zimelizuia lisikue. Maji ya huyu yamelitoa. Na bila macho ya huyu nisingeletewa, kibofu kingeoza. Kusema nani zaidi, hiyo si kazi ya mifugo."

"Mkimpata mtamfanya nini?" aliuliza Bibi.

Erasto alikuwa mkweli. "Mimi simbilisi namjua sahanini, Bibi. Ila chake mtu hakiulizwi."

Bi Somoe aliangalia mikono yake. "Miaka miwili nipo hapa. Nimeona kila mgeni akihamia mnampelekea simbilisi wawili kwenye kikapu, wa kuanzia jiko. Mimi sikuletewa. Labda mlidhani watu wa pwani hatutaki. Ningemkalisha jikoni kwangu, basi. Apige kelele, nijue na mimi nina mwenyeji."

Hakuna aliyecheka.

Ikabaki zamu ya Blandina. Angeweza kusema juu ya jiko lake lililosiribwa, na kila mtu pale alilijua. Hakulitaja.

"Bibi, kuna kitu. Nilipokatazwa lusini, nilimpa tena. Mara moja. Konzi moja. Alinibembeleza." Machozi yalikuwa yanamtiririka. "Nisiposema nitakuwa nalala na hilo konzi. Na lusini ile ya mwanzo ndiyo iliyotengeneza jiwe. Jiwe ni langu, Bibi. Lakini na Diwani namtaka."

"Ahaa!" alisema Erasto. "Aliyemponya ndiye aliyemuua!"

"Hajafa, kaka," alisema Bi Somoe. "Acha mtoto alie."

Bibi Oresta alivua miwani, macho mekundu bado, akamwangalia mmoja, akamwangalia mwingine, akamwangalia wa tatu. Alikwisha kusema atampa mtu mmoja, na neno lake halirudi. Nje pikipiki ya bwana mifugo ilikuwa imeanza kunguruma. Diwani alikuwa pajani anatafuna jani la nyasi, kutoka ncha moja kwenda ncha nyingine, hana habari.

Haya, nanyi mliokaa hapa mkijifanya mnasikiliza tu, mkononi mwenu yumo simbilisi mmoja asiyegawanyika. Yupo aliyempenda hadi akamjaza jiwe, kisha akamwokoa, kisha akakosea tena, akasema. Yupo asiyemjua, akapatia. Yupo aliyeona uvivu, na uvivu wake ukawa nusu ya dawa, naye ana chumvi tayari.

Je, nani alistahili Diwani?