Mwanamkuu na Mtoto Asiyesemeshwa

Paukwa.
Pakawa.
Palikuwa na nini?
Mdomo na sikio, na kimya kati yao.

Hapo kale palikuwa na mji ambao watu wake hawakuwasemesha watoto wachanga. Waliwaosha, waliwanyonyesha, waliwabeba. Lakini neno, hapana. Walisema mtoto mchanga bado anazungumza na malaika, na haifai kumkatiza.

Mwanamkuu aliolewa huko kutoka mbali. Kwao, mama asiyemsemesha mwanawe huulizwa, "Kwani mmegombana?" Mumewe, Mbwana, akafa mtoto akiwa bado tumboni. Mtoto alipozaliwa, mkwewe, Bi Shambe, akamwambia, "Mwanangu, ukimsemesha, nitamchukua nimlee mimi."

Mwanamkuu akanyamaza. Lakini mtoto alimtazama mdomo, akamtazama, akamtazama. Jamani, nani angeweza?

Siku moja alikuwa akitwanga. "Umeamka, bwana? Umelala vizuri?"

Bi Shambe akachungulia. "Unasema na nani?"

"Na kinu, mama."

Kusema na kinu hakukukatazwa. Akaenda zake.

Siku nyingine alikuwa akilisha kuku. "Umeshiba, kipenzi?"

"Unasema na nani?"

"Na kuku, mama."

"Amejibu nini?"

"Anasema bado."

"Kuku wako wana adabu," akasema Bi Shambe. "Wangu hawajawahi kunijibu."

Siku ya tatu mtoto akashikwa na homa. Mwanamkuu hakutafuta kinu, hakutafuta kuku. Akampakata, akamwambia waziwazi, "Baba yako alikuwa mrefu. Alikuwa akicheka kabla ya kumaliza kisa. Usiende, mwanangu, bado sijakueleza."

Mlango ukasogea. Bi Shambe alikwisha kunyoosha mikono amchukue mtoto.

"Na leo, unasema na nani?"

"Na malaika, mama. Nawaomba wanipishe kidogo. Baba yake walimchukua, hata kuaga sikuaga."

Mikono ya Bi Shambe ikashuka. Mbwana alikuwa mwanawe, na uchanga wake wote alimlea kimya. Akaketi mkekani polepole.

"Waulize, na mimi watanipisha?"

"Waulize mwenyewe, mama. Wewe ndiye mwenyeji."

Bibi akainama. Akakohoa. Hakujua pa kuanzia.

"Mume wangu," akasema mwishowe, "homa hiyo inakuuma wapi?"

Mtoto akamtazama mdomo. Kisha akasema, "Aa."

"Amesema nini?" akauliza bibi.

"Hilo, mama, amekuambia wewe."

Mtoto akapona kwa rehema za Mola, akabaki kwa mama yake.

Hapa ndipo nilipoikuta, na hapa ndipo ninapoiacha. Aliyeisikia na amsimulie asiyejua kusema.